Darubini Gani Itastahimili Bunduki ya Hewa Yenye Springi Kali?

Swali: Nina bunduki ya hewa aina ya Diana 350 Magnum, kaliba ya milimita 5.5, niliyoinunua hapa Marekani ninakoishi. Ninaitumia kupiga shabaha na kuwinda kindi kwa umbali wa kati ya mita 15 na 40. Darubini ya kwanza, ya bei nafuu, ilianza kutawanya risasi baada ya muda mfupi. Ya pili niliinunua kwa bei kubwa zaidi kwa sababu muuzaji alinihakikishia kwamba inastahimili bunduki za kuwindia kulungu. Sasa msalaba wake wa kulengea umegeuka ndani kwa ndani, na ukiitikisa unasikia kitu kikicheza. Nashauriwa ninunue ya ghali kuliko hiyo. Je, ipi itadumu?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha nyingine, naomba uelewe kilichoiua darubini yako ya pili, kwa sababu bila kukielewa unaweza kununua ya bei mara tatu na ikafa vivyo hivyo. Sina sababu ya kuamini kwamba muuzaji alikudanganya kuhusu darubini yenyewe. Inawezekana kabisa kwamba ingedumu maisha yote juu ya bunduki ya kulungu. Alichokosea ni kudhani kwamba bunduki ya kuwindia kindi, eti kwa kuwa ni ya hewa, ni nyepesi kwa darubini pia.

Bunduki ya baruti hupiga teke upande mmoja tu. Risasi na gesi huenda mbele, bunduki hurudi nyuma, basi. Bunduki ya hewa ya springi, kama yako, hupiga mateke mawili yanayopingana. Unapovuta triga, springi iliyobanwa huachiliwa na kuisukuma pistoni mbele kwa kasi kubwa. Na kwa kuwa pistoni ile ni kipande kizito cha chuma, bunduki nzima husukumwa nyuma. Hewa iliyo mbele ya pistoni hubanwa mpaka inakuwa kama mto mgumu, pistoni inasimama ghafla dhidi ya mto huo, na kasi yote iliyokuwa nayo inahamia kwenye mwili wa bunduki na kuukokota mbele. Mambo hayo mawili hutokea ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, risasi ikiwa bado mtutuni au ndiyo kwanza inatoka. Begani utahisi mtikisiko mmoja tu, lakini darubini inayapata yote mawili, na teke la pili, lile la kwenda mbele, ndilo linaloua.

Mtengenezaji wa darubini za bunduki za baruti huziimarisha lenzi na sehemu za ndani zisitoke mahali pake bunduki inaporudi nyuma, kwa sababu hilo ndilo teke analolitarajia. Kila lenzi imekalia ukingo upande mmoja na kushikiliwa na pete ya nyuzi au gundi upande wa pili, na mara nyingi ukingo ndio unaobeba mzigo. Teke la kinyume linapokuja, mzigo unahamia kwenye ile pete au ile gundi. Mara moja si kitu. Mara elfu kadhaa, pete inaanza kulegea, gundi inapasuka, na sauti hiyo unayoisikia ukiitikisa darubini yako ni ya sehemu iliyokwisha kung'oka. Darubini hiyo usijaribu kuifungua mwenyewe, maana utapoteza gesi ya naitrojeni iliyojazwa kuzuia ukungu, na pamoja nayo utapoteza waranti. Irudishe kwa aliyeitengeneza.

Ipo sababu nyingine inayowapoteza wanunuzi wengi, nayo ni kusoma tathmini zilizoandikwa katika nchi zenye sheria tofauti. Uingereza, bunduki ya hewa ambayo nishati ya risasi yake inazidi takriban jouli 16.3 huhitaji cheti cha silaha, na Ujerumani kikomo cha zile zinazouzwa bila kibali, zenye alama ya F, ni jouli 7.5. Bunduki ya daraja la yako, ikirusha risasi ya gramu 0.94 kwa mita 245 kwa sekunde, inatoa jouli 28. Kwa hiyo Mwingereza anapoandika kwamba darubini fulani imekaa miaka kumi juu ya bunduki yake ya springi bila kutikisika, anasema kweli, lakini anazungumzia springi iliyo dhaifu kuliko yako kwa mbali. Hata bunduki ya springi ya Weihrauch HW80, ambayo Wamarekani waliijua tangu 1981 kwa jina la Beeman R1, huuzwa kwa nguvu tofauti kutegemea nchi inakokwenda. Kila unaposoma sifa za uimara wa darubini, tafuta kwanza mwandishi alikuwa anatumia bunduki gani na yenye nguvu kiasi gani. Asipotaja, usiyategemee maneno yake.

Sasa niingie katika jambo ambalo naliona kubwa kuliko jina lililoandikwa ubavuni mwa darubini. Ndani ya bomba unaloliona kwa nje mna bomba jingine dogo lililobeba msalaba na baadhi ya lenzi. Bomba hilo la ndani limefungwa upande wa nyuma kwa kiungo kinachoruhusu kuyumba kidogo, na upande wa mbele limeachwa likielea kati ya vitu vitatu: skrubu ya nobu ya juu, skrubu ya nobu ya pembeni, na springi ndogo bapa inayolisukuma daima dhidi ya skrubu hizo mbili. Ukizungusha nobu, skrubu inashuka au kupanda, na ile springi inalifanya bomba liifuate. Darubini yote inategemea springi hiyo isiyozidi ukubwa wa kucha. Inapokuwa imebanwa vizuri, bomba linashikiliwa imara na teke halilisogezi. Lakini ukizungusha nobu ya juu mpaka karibu na mwisho wake ili kupandisha risasi, skrubu inaondoka mbali, springi inatanuka, na nguvu yake ya kushikilia inapungua. Hapo bomba la ndani linaanza kuelea. Kila teke linalitupa upande wake, msalaba unatua mahali papya, na wewe unaona risasi zikitawanyika bila mpangilio, leo kulia, kesho chini.

Nakusimulia hayo kwa sababu bunduki nyingi za Diana za kukunja mtutu, yako ikiwemo, zina tabia inayojulikana sana kwa mafundi: mtutu huelekea chini kidogo ukilinganisha na reli ya kufungia darubini. Mwenye bunduki anafunga darubini, anakuta risasi zinagonga chini sana, anazungusha nobu ya juu mpaka inakaribia kugoma, anafurahi kwamba amepata shabaha, na wiki chache baadaye analalamika kwamba darubini imekufa. Dalili ulizozieleza kuhusu darubini yako ya kwanza zinalingana na hali hiyo kabisa. Kama bado unayo, zungusha nobu ya juu ukihesabu kliki kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha uirudishe nusu ya hesabu hiyo, na ufanye vivyo hivyo kwa nobu ya pembeni. Ikiwa ilipokuwa juu ya bunduki nobu ya juu ilikuwa imebakiza kliki chache tu kufika mwisho, basi huenda haikufa. Ilikuwa imeelea.

Dawa ya mtutu unaoelekea chini ni kuiinamisha darubini nzima kwa vishikizo vyake, yaani pete na miguu inayoifunga kwenye reli, na kuziacha nobu karibu na katikati. Hesabu yake si ngumu. Ziweke nobu katikati, piga risasi tano kwa umbali wa mita 25, na upime zimegonga chini kiasi gani. Tuseme zimegonga sentimita 10 chini ya ulipolenga. Sentimita 10 gawanya kwa mita 25 ni sehemu 4 katika 1,000. Na ikiwa pete zako mbili zimeachana kwa milimita 100, pete ya nyuma inahitaji kuinuliwa milimita 0.4. Kiasi kidogo namna hiyo wengine hukipata kwa kuweka vipande vichache vya filamu ya zamani ya picha chini ya darubini kwenye pete ya nyuma. Mimi sikupendekezei kuzidisha hapo, kwa kuwa pete mbili zisizo kwenye mstari mmoja hulipinda bomba na kuzidisha matatizo. Kwa mtutu ulioinama zaidi, nunua kishikizo kilichotengenezwa makusudi kikiwa kimeinuka nyuma, vipo vya kampuni ya UTG vilivyotengenezwa kwa ajili ya reli za Diana, au vya kurekebishika kama vile vya Sportsmatch.

Nikija sasa kwenye darubini yenyewe, kanuni yangu ni kwamba kila kitu kinachosogea ndani ya darubini ni kitu kinachoweza kulegea. Uwezo wa kubadilisha ukuzaji unahitaji lenzi zinazoteleza ndani ya bomba la ndani zikiongozwa na mifereji. Ukuzaji mkubwa kama 6-24, yaani wa mara 6 hadi mara 24, unahitaji mwendo mrefu zaidi wa lenzi na bomba refu na zito zaidi. Kwa mita 15 hadi 40 huhitaji chochote cha namna hiyo. Ukuzaji usiobadilika wa 4 au 6 unakutosha kabisa, na ndio imara kuliko yote kwa sababu ndani yake vitu ni vichache. Ukiona ni lazima ubadilishe, 2-7 au 3-9 yenye lenzi ya mbele ya milimita 32 itatimiza kila unachokihitaji. Lenzi ya mbele ya milimita 50 inapendeza dukani, lakini juu ya bunduki yako ni uzito wa bure unaokulazimisha pia kuweka pete ndefu.

Na uzito si jambo la raha tu. Teke linapoikokota bunduki mbele, vishikizo ndivyo vinavyoilazimisha darubini ifuate, na nguvu vinavyohitaji kutoa inalingana na uzito wa darubini: yenye gramu 800 inavichosha vishikizo mara mbili ya yenye gramu 400. Ningependa darubini yako isizidi gramu 450. Muulize muuzaji uzito kabla ya kumuuliza ukuzaji.

Kuhusu msalaba, chagua uliochorwa juu ya kioo. Msalaba wa waya ni mwembamba na safi machoni, lakini waya ukikatika au kulegea hakuna cha kufanya isipokuwa kuirudisha darubini kiwandani. Kisha angalia umbali wa karibu kabisa ambao darubini inaweza kuuona wazi. Darubini nyingi za bunduki kubwa hurekebishwa kiwandani kwa yadi 100, yaani takriban mita 91, na zile za kaliba ndogo ya .22 kwa yadi 50, takriban mita 46. Kwa mita 15 kindi ataonekana amefifia, na kosa la paralaksi litakuwa kubwa: ukisogeza jicho kidogo nyuma ya lenzi, msalaba unahama juu ya shabaha ingawa bunduki haijasogea. Unahitaji darubini yenye pete ya kurekebisha umbali inayoshuka hadi mita 9 au chini ya hapo. Pete hiyo huwekwa ama kwenye lenzi ya mbele ama pembeni karibu na nobu. Ya pembeni ni rahisi kutumia, lakini inaongeza lenzi nyingine inayosogea ndani. Kwa springi kali kama yako mimi nachagua ya mbele.

Kwa majina, zipo chache ambazo ningeanza nazo. UTG Bug Buster ya 3-9x32 ni fupi, inaona wazi kwa umbali wa mita 3 tu, na ina pete ya mbele. Wenye bunduki za springi wameizoea kwa miaka mingi. Hawke wana mfululizo wa Airmax uliotengenezwa kwa ajili ya bunduki za hewa, nao katika mfululizo huo chagua zile ndogo na nyepesi. Kwa fedha zaidi, Leupold wana VX-Freedom EFR ya 3-9x33, ambayo ni nyepesi na imekusudiwa umbali wa karibu. Sikwambii kwamba hizi haziwezi kuharibika. Nakwambia kwamba umbo lake, uzito wake na umbali wake vinaelekea kule unakohitaji.

Usinunue kabla ya kusoma waranti. Baadhi ya waranti hazizifikii bunduki za hewa za springi kabisa, nyingine zimenyamaza, na chache zinazitaja kwa jina. Ikiwa maandishi yamenyamaza, mwandikie mtengenezaji barua pepe ukitaja bunduki yako kwa jina na nguvu yake, na umuulize swali moja: je, darubini hii inastahimili bunduki ya springi yenye jouli 28, na ikivunjika mtaitengeneza? Lihifadhi jibu. Wapo watengenezaji, Vortex wakiwa miongoni mwao, ambao dhamana yao ni ya maisha na huhama na darubini hata ikiuzwa kwa mtu mwingine. Kwa mtu mwenye bunduki kama yako, dhamana ya namna hiyo ina thamani kuliko ung'avu wa ziada wa kioo.

Vishikizo vinastahili uangalifu uleule. Usitumie pete mbili nyepesi zilizokuja bure ndani ya boksi la darubini. Tafuta kishikizo cha kipande kimoja chenye skrubu nne kwenye kila kofia ya pete na pini ya kuzuia inayoshuka ndani ya tundu la reli. Reli ya Diana, hasa ya bunduki za zamani, ina skrubu yenye kichwa kikubwa upande wa nyuma, nayo inamvutia kila mtu kuegemeza kishikizo juu yake; skrubu hiyo haikutengenezwa kubeba mzigo huo na inaweza kukatika. Pini iingie kwenye tundu. Safisha reli na miguu ya kishikizo kwa spiriti mpaka mafuta yote yaondoke, na kaza skrubu za pete kwa mpangilio wa msalaba, kidogo kidogo, mpaka takriban nyutonimita 1.7 hadi 2. Kukaza kupita hapo hulibana bomba na kuzifanya sehemu za ndani zigome. Diana wenyewe wanauza pia kishikizo kiitwacho Bullseye ZR, ambacho sehemu yake ya juu huteleza juu ya reli ndogo na kupokea teke kwa springi kabla halijafika kwenye darubini. Kinaongeza uzito na gharama, lakini kwa aliyepoteza darubini mbili tayari nakiona ni matumizi ya haki, na ungeweza kukinunua kabla ya darubini ya ghali.

Ukimaliza kufunga, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye reli hadi kwenye mguu wa kishikizo, na mwingine kutoka kwenye pete hadi kwenye bomba la darubini. Piga risasi hamsini, kisha uitazame mistari hiyo kwa kioo cha kukuzia. Ikiwa mstari umevunjika na nusu yake imesogea hata kwa unene wa karatasi, kishikizo kinateleza, na darubini haina kosa. Kagua pia skrubu za kitako, zile mbili za mbele na ya kwenye kinga ya triga, kwa sababu bunduki ya springi huzilegeza yenyewe na mtawanyiko wa risasi unaotokana nazo unafanana kabisa na wa darubini mbovu.

Nawe usiiongezee bunduki ukali usio wa lazima. Risasi nyepesi mno hutoka mtutuni mapema, mto wa hewa unakosa nguvu, na pistoni inagonga mwisho wa silinda kwa kishindo. Kufyatua bila risasi ni kubaya kuliko hapo. Kwa kaliba yako anza na risasi za gramu 0.93 hadi 1.05 na uangalie zipi zinaifanya bunduki itulie mkononi. Ukisikia mlio mkali kama wa baruti na kuona moshi mdomoni mwa mtutu, kuna mafuta yanayowaka ndani ya silinda, na hali hiyo huvunja springi na darubini kwa pamoja. Acha kupiga na utafute chanzo. Wengine watakushauri uondoe springi na kuweka pistoni ya gesi ili kuinusuru darubini. Pistoni ya gesi haina mtetemo wa springi, lakini teke lake huwa la ghafla zaidi, na sijaona sababu ya kuifanya kazi hiyo kwa ajili ya darubini peke yake. Afadhali fundi akuwekee springi laini kidogo, ushuke mpaka karibu na jouli 22. Kwa mita 40 kindi hatatambua tofauti, ila vishikizo na lenzi vitatambua.

Kwa hiyo mpangilio wangu kwako ni huu: kwanza kishikizo kilichoinuka nyuma au Bullseye ZR, kisha darubini ya 3-9x32 isiyozidi gramu 450 yenye msalaba wa kioo na pete ya mbele, kutoka kwa mtengenezaji aliyekujibu kwa maandishi. Ifunge nobu zikiwa katikati, na upige risasi zisizopungua mia tatu kabla muda wa kuirudisha dukani haujaisha. Katika kila hamsini, fyatua kundi la risasi tano kwa mita 25 kwenye karatasi ileile, kisha pandisha nobu ya juu kliki ishirini, piga tano, shusha kliki ishirini, piga tano tena. Kundi la tatu likirudi mahali pa kundi la kwanza kila mara, springi ya ndani inashikilia. Likihama, irudishe darubini siku hiyohiyo, ukiwa na karatasi hizo mkononi.